Kati ya James Bond wote, sisi tuko na Craig, na sababu si suti

Ndugu zetu wa kambini, na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, leo hatuandiki juu ya mgao wala foleni ya maji. Leo ni James Bond. Msicheke kwanza.

Tangu mwaka 2025, Amazon iliposhika uamuzi wa filamu hizi na Denis Villeneuve (yule wa Dune) akatajwa kuwa ndiye ataongoza inayofuata, vibanda vya video hapa kwetu havina amani. Nani atakuwa Bond mpya? Swali hilo linazaa lingine kali zaidi: kati ya wale waliopita, nani alikuwa Bond wa kweli? Kuna watu wamenuniana juu ya hilo. Fundi cherehani, muuza chapati, hata wazee wenye hatukujua kama wanaangalia filamu, kila mmoja ana Bond wake na hataki kusikia habari ya mwingine.

Sisi tunaojitolea kwenye kikundi cha filamu tuko na msimamo wetu: Daniel Craig. Tunajua wengi mtatupinga. Mtasema hana sura, nywele zake zina rangi ya mahindi, hacheki. Sawa. Lakini tuko na sababu, na ndani yake kuna jambo zito kidogo. Afisa mmoja wa shirika linalotusaidia na projekta ametuambia tuondoe filamu zote za bunduki kwenye orodha ya maonyesho ya vijana, na Bond ndiye wa kwanza kukatwa. Tunataka kumjibu kwa heshima. Kwa hiyo makala hii ni ya mashabiki na ni ya ofisi pia, kila mtu achukue kipande chake.

Kwanza tuweke hesabu sawa, juu kuna watu wanachanganya. Kuanzia mwaka 1962 hadi 2021 zimetoka filamu 25 za mfululizo rasmi, na walioigiza Bond ndani yake ni sita: Sean Connery, George Lazenby, Roger Moore, Timothy Dalton, Pierce Brosnan na Daniel Craig. Basi. Matt Damon si James Bond. Tom Cruise si James Bond. Jason Statham, tafadhali sana, si James Bond.

Aliyemtunga ni Mwingereza Ian Fleming, ambaye wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alifanya kazi katika ujasusi wa jeshi la majini la Uingereza. Kitabu chake cha kwanza, Casino Royale, kilitoka mwaka 1953. Jina la James Bond alilichukua kwa mtaalamu wa ndege, yaani ndege hawa wenye manyoya, aliyeandika kitabu juu ya ndege wa visiwa vya Karibi. Fleming alitaka jina la kawaida kabisa, lisilo na makeke. Na hapa tuulize kidogo: jasusi gani huyu anayemwambia kila adui jina lake halisi, tena mara mbili? Sisi wenyewe tumevuka mipaka tukiwa na jina moja kwenye karatasi ya shule, lingine kwenye kadi, na la tatu ambalo mama peke yake ndiye analitumia. Yeye anaingia kasino na kujitangaza. Hiyo ni starehe ya mtu mwenye serikali nyuma yake.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui, na ndilo kipimo chetu, ni kwamba Bond ni yatima. Si filamu mpya zilizozua hilo. Fleming mwenyewe aliliandika katika kitabu kilichotoka 1964: baba Mskoti, mama Mswisi, wote wakafa katika ajali ya kupanda milima mtoto akiwa na miaka 11. Akalelewa na shangazi, kisha baadaye serikali ikamchukua na kumfundisha kazi ya kuua. Ukimvua suti, ukaondoa gari na saa, ndicho kinachobaki. Basi sisi tunapomhukumu mwigizaji hatuulizi nani anapigana vizuri. Tunauliza: huyu tunamwamini kuwa ni mtoto aliyebaki peke yake, akaokotwa na watu wenye silaha?

Connery hatumwamini. Tunamheshimu, tusieleweke vibaya. Yeye ndiye aliyefungua njia na Dr. No mwaka 1962, na maisha yake mwenyewe ni ya kuigwa: mtoto wa familia maskini wa Edinburgh, alisambaza maziwa kabla ya kuwa na jina. Anavyotembea, hakuna aliyemfikia hadi leo. Goldfinger ya 1964 bado inakaa vizuri, lile gari na lile jamaa la kofia inayokata shingo ya sanamu. Lakini Bond wake anaonekana kama mtu ambaye hajawahi kulala njaa wala kuogopa. Na kuna lile tukio la ndani ya banda la farasi, ambapo anamlazimisha mwanamke hadi akubali, na muziki unapigwa kama vile ni mapenzi. Dada zetu wa kikundi walisema wazi: hiyo si mapenzi, hiyo tunaijua kwa jina lingine. Wavulana wawili watatu walitaka kubisha, wakanyamaza. Tukiulizwa ni filamu gani ya Bond ingeleta shida kuwaonyesha vijana, sisi tungetaja hii kabla ya zote zenye risasi nyingi. Ofisi haikuwahi kuiuliza.

Lazenby tusipoteze muda, lakini tusimdharau. Mwaustralia, mwanamitindo, alicheza moja tu, mwaka 1969. Katika dakika za mwisho mke wake anapigwa risasi siku ile ile ya harusi, na jamaa anakaa kwenye gari amemshika, anaongea kama vile mke amelala tu. Wanaomcheka Lazenby waangalie dakika hizo mbili halafu waje tuongee.

Roger Moore ndiye Bond wa wazee. Filamu saba, kutoka 1973 hadi 1985, ya mwisho akiwa na miaka 57 na bado anaruka madirishani, au tuseme mtu mwingine anaruka kwa niaba yake. Baba zetu waliomwona kwenye kaseti kule Bukavu na Goma hawataki kusikia Bond mwingine. Kwa nini? Juu anacheka. Ananyanyua ushi mmoja na hatari yote imekwisha. Live and Let Die ina lile tukio la kukimbia juu ya migongo ya mamba. Wale mamba walikuwa wa kweli, kwenye shamba la mamba Jamaika, na aliyekimbia si Moore bali mwenye shamba, aliyeitwa Ross Kananga. Watengenezaji walimpenda hadi wakampa adui wa filamu jina lake. (Tatizo ni kwamba adui huyo na karibu watu wake wote ni weusi, na wote ni wauza dawa za kulevya au wachawi. Wazee wakiangalia wanacheka. Sisi tunacheka pia kwenye mamba, lakini sehemu zingine tunakaa kimya.)

Bond wa Moore si yatima wa kitu chochote, ni mjomba mwenye pesa. Ila nje ya filamu kuna kitu wafanyakazi wa mashirika mtakipenda. Kuanzia mwaka 1991 hadi kufa kwake 2017, Moore alikuwa balozi wa UNICEF. Aliyemvuta huko ni Audrey Hepburn, mwigizaji ambaye utotoni aliishi njaa ya vita kule Uholanzi. Na Moore alisema mara nyingi kwamba bunduki hazipendi. Yaani mtu aliyeshika bastola kwenye mabango ya sinema dunia nzima alimaliza miaka zaidi ya ishirini akizunguka kuombea watoto maji na chanjo. Kwa mchezo tunampa alama chache. Kwa maisha, hakuna Bond anayemkaribia.

Timothy Dalton alikuja mapema mno. Alicheza mbili, 1987 na 1989, na watu waliomzoea Moore wakaona huyu amekunja uso kwa nini. Sisi tukimwangalia leo tunaona mtu anayechoka na kazi yake. Katika The Living Daylights ameagizwa kumpiga risasi mdunguaji, anaangalia kwenye darubini, anaona msichana asiyejua hata kushika bunduki vizuri, anakataa kumuua. Bosi akilalamika, shauri yake. Katika Licence to Kill rafiki yake analemazwa na mke wa rafiki anauawa, naye anaacha kazi ili alipize, na serikali inamnyang'anya kibali. Huyo ni Bond wa pili kwetu. Kibandani hana mashabiki kabisa, na hilo linatuudhi.

Sasa Brosnan. Hapa tutakaa kidogo.

Wengi wetu Bond wetu wa kwanza ni Brosnan, juu ndiye aliyekuwa kwenye diski nne-kwa-moja zilizozunguka sokoni. Mzuri wa sura, nywele hazivurugiki hata akiendesha kifaru katikati ya St Petersburg. Maisha yake mwenyewe wengi hawayajui: alizaliwa Ireland, baba akaondoka yeye akiwa mchanga, mama akaenda London kusoma na kufanya kazi ya uuguzi, mtoto akabaki kwa babu na bibi. Alimfuata mama mwaka 1964 akiwa na miaka 11. Ni umri ule ule ambao Fleming alimpa Bond alipofiwa. Hapa kambini wangapi kati yetu tumebaki kwa bibi mama akatangulia? Sura ile nzuri ilikuwa imebeba kitu, na katika filamu nne alizofanya walimpa nafasi ya kukionyesha mara moja tu, katika GoldenEye ya 1995.

Kama umeiangalia GoldenEye ikiwa imetafsiriwa na VJ, tunasikitika kukuambia kwamba hukuiangalia. Tunawapenda ma-VJ. Bila wao wazazi wetu wasingeelewa filamu hata moja, na DJ Afro wa Kenya kwa Kiswahili chake ametufundisha maneno ambayo mwalimu asingethubutu. Lakini VJ anachoka mahali watu wanapoongea sana. Anaweka vichekesho, anawasalimia marafiki, anasubiri risasi zianze. Na katika GoldenEye, jambo lenyewe liko mahali wanapoongea.

Adui wa filamu hiyo ni Alec Trevelyan, 006, rafiki wa Bond, jasusi mwenzake ambaye wote walidhani amekufa. Bond anamkuta usiku kwenye uwanja uliojaa sanamu za Kisovieti zilizotupwa. Anamuuliza kwa nini ameisaliti Uingereza. Kisha Bond mwenyewe anataja kwamba wazazi wa Trevelyan walikuwa Wakosaki wa Lienz. Hapo VJ anacheka na kupita. Sisi tulipoangalia kwa sauti yake ya asili, na maandishi ya Kifaransa chini, tulisimamisha filamu na kwenda kutafuta.

Ni historia ya kweli. Mwaka 1945 vita vikiisha Ulaya, maelfu ya Wakosaki waliopigana upande wa Wajerumani, wakiwa na wake zao, watoto na wazee, walikuwa wamekimbilia Austria karibu na mji wa Lienz. Walijisalimisha kwa Waingereza wakiamini hawatarudishwa. Waingereza wakawakabidhi kwa jeshi la Stalin. Mwanzoni mwa mwezi wa sita askari waliwasukuma kwa nguvu ndani ya magari na treni, na wengine walijiua kuliko kurudi. Wengi waliorudishwa waliishia kwenye kambi za kazi ngumu, na viongozi wao wakanyongwa. Ndiyo, wanaume wengi kati yao walikuwa wamevaa sare ya Hitler, hatuwasafishi. Lakini mtoto mchanga hakuvaa sare ya mtu.

Kwa lugha ya ofisi zetu, huko ni kurudishwa kwa nguvu. Mkataba wa Wakimbizi uliandikwa miaka sita baadaye, 1951, na kifungu cha 33 ndicho kinachokataza jambo hilo. Kifungu tunachokisoma kwenye mabango ya semina, kumbe kiko ndani ya filamu ya Bond, kimefichwa nyuma ya kifaru.

Trevelyan anasema wazazi wake waliponyoka wauaji wa Stalin, lakini baba akashindwa kuishi na aibu, akamuua mama, akajiua. Na serikali ya Uingereza, ile ile, ikamchukua mtoto na kumfanya jasusi, ikidhani ni mdogo mno asikumbuke. Anamwambia Bond: sisi wote ni yatima, tofauti ni namna wazazi wetu walivyokufa.  Brosnan hapo anamwangalia. Ni sekunde chache, na ndizo bora alizowahi kucheza. Baada ya hapo filamu inakimbia, inarudi kwenye milipuko, na mwisho Bond anamwachia Trevelyan aanguke kutoka juu na sisi tunatakiwa tushangilie. Tulishangilia, kusema ukweli. Lakini kibanda kizima kilibaki kinabishana hadi jenereta inazimwa: yule alikuwa na haki ya kukasirika au hakuwa? Kuibia benki ya Uingereza na kuizima London ni jinai, hakuna mwenye anapinga. Lakini nani alimtengeneza?

Kwa hiyo Brosnan tunampa nafasi ya tatu. Angekuwa wa kwanza kama zile filamu tatu zilizofuata zingejua walichokuwa nacho. Badala yake wakampa gari lisiloonekana.

Twende kwa Craig. Alipotangazwa mwaka 2005 mashabiki wa Ulaya walimkataa kabla hajacheza hata dakika moja, eti nywele zake. Mwaka uliofuata ikatoka Casino Royale wakanyamaza. Mtu wa kwanza tunayemwona akimuua anamuua chooni, kwa shida, masinki yanavunjika, na uso wake unaonyesha kwamba hakuna utamu wowote.

Hii filamu inatuhusu moja kwa moja, juu mapema tu inafika hapa Uganda. Maandishi yanasema Mbale. Kiongozi wa waasi, Obanno, anamkabidhi pesa zake mtu wa Ulaya anayeitwa Le Chiffre azitunze. Lazima tulalamike kidogo: Mbale iko mashariki, chini ya Mlima Elgon, na vita vya waasi ambavyo Uganda ilivijua miaka ile vilikuwa kaskazini, Gulu na Kitgum huko. Ni sawa na kuweka vita vya Kivu kule Matadi. Na ile mbio maarufu ya "Madagaska", ya yule jamaa anayeruka kwenye kreni, waliipiga Bahamas. Kwao Afrika ni mahali popote penye jua na mabati.

Lakini tuwape haki yao kwa kitu kimoja. Ni mara chache filamu kubwa inaonyesha pesa ya mwasi inakolala. Haikai msituni. Inapanda ndege, inaingia mikononi mwa bwana mwenye suti, anaichezea kwenye soko la hisa akitegemea ndege ya abiria ilipuliwe ili hisa zishuke. Bond anazuia mlipuko, zaidi ya dola milioni 100 zinapotea, na hapo ndipo Obanno anafunga safari kwenda Montenegro kudai chake. Sisi tuliokimbia vita vya watu wanaosemekana kupigania kabila au ardhi, tuliifuata hiyo njia ya pesa kwa makini kuliko mchezo wa karata.

Bond anamuua Obanno kwenye ngazi za hoteli, kwa mikono, mbele ya Vesper. Kisha anaosha damu, anabadilisha shati, anarudi mezani. Filamu za zamani zingeishia hapo. Hii inarudi chumbani: Vesper amekaa chini ya bafu na nguo zake zote, maji yanamwagika, anatetemeka. Bond anaingia, anakaa chini karibu naye na nguo zake, analowa. Hamwambii aache kulia. Washauri wa kisaikolojia wa mashirika, tafuteni tukio hilo. Tumekaa kwenye mafunzo mengi ya namna ya kumsaidia mtu aliyeona mauaji, yenye karatasi za kubandika ukutani na kalamu za rangi, na hakuna lililotuonyesha wazi kama dakika ile.

Kitu kimoja filamu haikijibu. Wale vijana wenye bunduki waliosimama kwenye kambi ya Obanno kule mwanzo, baada ya mkubwa wao kufa Montenegro walienda wapi? Hakuna anayerudi kuwatafuta. Sisi tunajua wanaendaga wapi. Wanahamia kwa mkubwa mwingine.

Halafu Skyfall, 2012, ambayo kwetu ndiyo filamu bora ya Bond. Bond anapigwa risasi na mwenzake kwa amri ya bosi wake M, anarudi akiwa mbovu, anafeli vipimo vyote, na M anamdanganya kwamba amefaulu ili amtume tena. Adui, Silva, ni jasusi wa zamani ambaye M huyo huyo alimkabidhi kwa Wachina. Mwishoni Bond anampeleka M kwenye nyumba aliyokulia, Uskoti, nyumba tupu, na mzee aliyekuwa mtunzaji wa mali anasimulia kwamba siku alipomwambia mtoto wazazi wamekufa, mtoto alijificha kwenye shimo la siri siku mbili, na alipotoka hakuwa mtoto tena. Wakiwa njiani M anasema neno ambalo hatulisahau: kwamba yatima ndio hufaa zaidi kuandikishwa kazini. Analisema kwa upole, kama mama. Craig hageuki hata kumtazama vizuri.

Turudi sasa kwa afisa wetu. Hofu yake si ya kijinga. Watoto wadogo wanachungulia kwenye matundu ya turubai, kesho yake utawaona na bunduki za mabua ya mahindi. Tunaona. Lakini kila mtu mzima hapa anajua pia kwamba kuna watu wanaowakaribia vijana wetu jioni, hasa wale wasio na wazazi. Hawaji na filamu. Wanakuja na soda, na nauli, na maneno ya upole kabisa: wewe ni mwanaume, wewe ni wetu, nyumbani wanakuhitaji. Maneno hayo hayajibiwi na video ya kunawa mikono. Hiyo video tumeionyesha, na waliobaki hadi mwisho walikuwa watu saba, wanne kati yao ni sisi. Skyfall inaonyesha aliyeandikisha na aliyeandikishwa wakiwa ndani ya gari moja, wanapendana, na mmoja anamtumia mwenzake. Kijana wa miaka 16 akiiona hiyo, tukakaa naye baadaye tukaongea, ana kitu cha kufikiria siku ile soda inapokuja.

Kuna wanaosema Bond ajaye awe Idris Elba, mtoto wa London wa baba wa Sierra Leone na mama wa Ghana. Umri umempita, na tulimtaka sana, tusidanganye. Lakini sisi tayari tumemwona katika kazi inayotugusa zaidi: Beasts of No Nation ya 2015, pale anapokuwa Komandanti anayemwokota mtoto aliyepoteza familia na kumpa bunduki. Anampa jina, chakula, baba. Muangalie Elba pale, kisha muangalie M kando ya gari. Ni kazi moja, tofauti ni lafudhi. Kama Bond mpya atakuwa mweusi tutafurahi, na Lashana Lynch aliyebeba namba 007 mwaka 2021 alitufurahisha dada na kaka. Ila rangi peke yake haitatosha kama filamu itarudi kwenye gari lisiloonekana.

Na hiyo ya 2021, No Time to Die, ilizua vurugu. Sheria ya kibanda ni moja: staringi hafi. Craig akafa, kwenye kisiwa, makombora yanashuka, ili sumu iliyo ndani ya damu yake isimguse mtoto wake wa kike. Kuna watu walidai warudishiwe pesa zao. Mzee wa kibanda alikataa. Sisi tulikuwa upande wa mzee. Mtoto aliyeokotwa akafundishwa kuua, kitu cha mwisho alichofanya kwa hiari yake ni kukaa mbali na binti yake ili binti aishi, na hakuna bosi aliyemwamuru.

Ombi letu kwa ofisi ni hili. Hatuombi turudishiwe orodha yote. Goldfinger mnaweza kubaki nayo. Tunaomba GoldenEye, Casino Royale na Skyfall, kwa vijana wa miaka 16 kwenda juu, wadogo hawaingii, turubai tumeshaziba matundu. Hakuna VJ: mmoja wetu atatafsiri moja kwa moja, na pale kwenye sanamu na pale kando ya gari tutasimamisha ili kila mtu asikie. Baadaye ni saa moja ya kuongea, na mshauri wenu anakaribishwa kukaa nasi kwenye mabenchi. Mzee wa kibanda ametupa Alhamisi, juu siku hiyo hana wateja wengi wa mpira. Mafuta ya jenereta tumeshachanga. Projekta iko kwenye kabati lenu, na funguo mnazo nyinyi.